Nani Apewe Namungo? Hesabu Nyuma ya Mjadala wa Kocha

Namungo FC wakifungwa mechi tatu mfululizo, habari haibaki Ruangwa mjini. Jioni hiyo hiyo inafika Narung'ombe kwa redio na kwa bodaboda, na kwa vijana waliotoka kibanda umiza kabla filimbi ya mwisho haijapulizwa. Kesho yake, kwenye foleni ya kupima ufuta au kwenye benchi la muuza kahawa, swali ni lile lile: kocha aondoke, na akiondoka, timu apewe nani?

“Mjomba, huyu muda wake umekwisha. Timu haichezi.”

“Timu haina straika, kaka. Unataka kocha avue suti aingie kufunga mwenyewe?”

Mabishano hayo hayana msimu. Yanasikika Mbekenyera, yanasikika stendi ya Nachingwea, na yanawahusu watu wengi zaidi ya wakazi wa wilaya moja. Tangu Ndanda ya Mtwara iliposhuka daraja mwaka 2020, Namungo ndiyo iliyobaki kubeba jina la mikoa ya Lindi na Mtwara katika Ligi Kuu Tanzania Bara. Mtu wa Masasi au Liwale asiye na timu nyingine ya nyumbani ya kuishangilia huwaangalia Wauaji wa Kusini. Wakipata sare nyumbani dhidi ya timu ya mkiani, ana haki ya kukasirika.

Kambi za mjadala ni tatu. Ya kwanza inataka kocha mgeni, kwa sababu timu zinazochukua ubingwa zinafundishwa na wageni. Ya pili inamtaka mzawa, anayeijua ligi, viwanja, safari na waamuzi wake. Ya tatu haijali pasipoti. Inataka jina kubwa, mtu aliyewahi kukaa benchi la Simba au Yanga, ili wachezaji wamwogope na wadhamini wavutike. Kila kambi ina ushahidi wake, na ndiyo maana hakuna inayokubali kushindwa.

Jambo la ajabu ni kwamba Namungo wamekwisha kuzijaribu njia zote tatu. Tangu walipopanda Ligi Kuu mwaka 2019 hadi Oktoba 2024, timu ilipita mikononi mwa makocha wakuu wasiopungua saba: Thierry Hitimana, Hemed Suleiman “Morocco”, Honour Janza wa Zambia, Denis Kitambi, Cedric Kaze wa Burundi, Mwinyi Zahera aliyewahi kuinoa Yanga, na Juma Mgunda aliyewahi kuinoa Simba. Miaka mitano na ushei, watu saba. Wastani wa kila mmoja haufiki hata mwaka. Wapo wageni, wapo wazawa, na majina makubwa yamo. Kama dawa ingekuwa ni aina fulani ya kocha, Ruangwa ingekwisha kuipata.

Ili kuelewa kwa nini mashabiki hawaridhiki, ni lazima kurudi kwenye msimu ule wa kwanza. Namungo walipanda wakiwa wageni kabisa wa Ligi Kuu, wakiwa na Hitimana benchini, na ligi ilikuwa na timu 20. Walimaliza nafasi ya nne. Mbele yao walikuwa Simba, Yanga na Azam peke yao. Juu ya hapo wakafika fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam, iliyochezwa Sumbawanga tarehe 2 Agosti 2020, wakafungwa na Simba mabao 2-1. Kwa kuwa Simba walikuwa pia mabingwa wa ligi na tiketi yao ilikuwa ya Ligi ya Mabingwa Afrika, Namungo wakapata nafasi ya kucheza Kombe la Shirikisho Afrika. Timu ya wilaya ambayo Watanzania wengi walikuwa hawajui hata iko mkoa gani ilipanda ndege kwenda kucheza Afrika baada ya msimu mmoja tu wa Ligi Kuu.

Huko Afrika hawakuishia mlangoni. Waliwatoa Al Hilal Obeid wa Sudan, kisha wakakutana na Primeiro de Agosto ya Angola katika mtihani uliovurugwa na Korona: safari ya Luanda iliharibika baada ya vipimo, na mwishowe mechi zote mbili zikachezwa Dar es Salaam. Ya kwanza Namungo walishinda 6-2, ya pili wakafungwa 3-1, wakapita kwa jumla ya mabao 7-5 na kuingia hatua ya makundi. Kundini wakakuta Raja Casablanca ya Morocco, Pyramids ya Misri na Nkana ya Zambia. Walicheza mechi sita, wakapoteza zote sita, na hawakufunga hata bao moja.

Takwimu hizo mbili, nafasi ya nne na mechi sita bila bao, zinapaswa kusomwa pamoja. Ya kwanza iliwafanya mashabiki waamini kuwa pale ndipo mahali pa Namungo. Ya pili ilionyesha kikosi kilivyokuwa chembamba pale kilipolazimika kucheza ligi na Afrika kwa wakati mmoja. Hitimana mwenyewe hakufika makundi: msimu wa pili ulipoanza kwenda mrama kwenye ligi, kibarua chake kiliota nyasi na Hemed Morocco akachukua nafasi. Kwa hiyo aliyeipeleka timu Afrika hakuifundisha huko makundini, na aliyeifundisha makundini aliwakuta wachezaji waliosajiliwa na mwingine. Mtindo huo haujaisha mpaka leo, na una uzito kuliko jina lolote linalotajwa vijiweni.

Watu wa Ruangwa huizungumzia nafasi ya nne kama mali yao iliyoibwa. Iliishia wapi? Msimu wa 2020/21 aliyeshika nafasi hiyo alikuwa Biashara United ya Mara. Mwaka uliofuata, Biashara ikashuka daraja. Msimu wa 2021/22 ikawa zamu ya Geita Gold; miaka miwili baadaye, 2024, Geita nao wakashuka. Msimu wa 2022/23 wakashika Singida Big Stars, 2023/24 Coastal Union ya Tanga, na 2024/25 Singida Black Stars. Ongeza Lipuli ya Iringa, iliyocheza fainali ya Kombe la Shirikisho dhidi ya Azam mwaka 2019 kwenye uwanja wa Ilulu, Lindi. Baada ya msimu mmoja tu Lipuli wakashuka, wakiwa kwenye kundi moja na Ndanda. Mtibwa Sugar, mabingwa wa 1999 na 2000, waliteremka mwaka 2024 pamoja na Geita, ingawa walirejea mwaka uliofuata.

Ukiitazama orodha hiyo kwa utulivu, historia ya Namungo inabadilika sura. Katika timu ndogo zilizopaa ghafla kati ya 2018 na 2022, Namungo ni miongoni mwa chache sana ambazo hazikurudi chini. Shabiki anayesema timu imeporomoka anailinganisha na msimu mmoja wa ajabu. Anayeilinganisha na Biashara, Geita na Lipuli anaona timu iliyoponea mahali wenzake walipozama. Tathmini hii haimfurahishi mtu aliyetoka Narung'ombe kwa pikipiki kuja uwanja wa Majaliwa kutazama sare tasa, lakini ndiyo kipimo cha haki kwa kocha yeyote atakayekuja.

Sasa twende kwenye swali lenyewe: kubadili kocha kunasaidia?

Mchumi wa Uholanzi Bas ter Weel alilichunguza kwa takwimu za ligi kuu ya nchi yake kati ya 1986 na 2004. Hakuishia kutazama timu zilizofukuza makocha. Alizitafuta pia timu zilizokuwa kwenye hali mbaya ileile lakini zikabaki na makocha wao. Matokeo yake yamewasumbua viongozi wa klabu tangu hapo: timu zilizofukuza zilipata nafuu, na timu zilizovumilia zikapata nafuu ileile. Sababu haina uchawi. Kocha hufukuzwa timu ikiwa chini kabisa, baada ya mfululizo wa mechi ngumu, majeruhi na mipira iliyogonga mwamba. Bahati mbaya ya aina hiyo haidumu. Timu inayocheza na Yanga, Azam na Simba ndani ya mwezi mmoja itapoteza pointi; mwezi unaofuata inakutana na timu za saizi yake, na kocha mpya anapewa sifa ambazo hata yule wa zamani angezipata.

Watanzania wana mfano wao wa karibu zaidi, na unahusu mtu aliyepita Namungo. Januari 2024, katika Fainali za Mataifa ya Afrika nchini Ivory Coast, Taifa Stars walifungwa 3-0 na Morocco, kisha kocha Adel Amrouche akasimamishwa. Hemed Morocco akakabidhiwa timu katikati ya mashindano. Akatoa sare ya 1-1 na Zambia na sare ya 0-0 na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Pointi mbili, Tanzania wakashika mkia wa kundi na kurudi nyumbani. Baadaye akaipeleka Stars kwenye fainali zilizofuata, na Agosto 2025 akafika nayo robo fainali ya CHAN mbele ya mashabiki wa nyumbani. Novemba 2025, wiki chache kabla ya fainali za Afrika, akaondolewa na timu akapewa Miguel Gamondi.

Kule Morocco, Gamondi alifungwa 2-1 na Nigeria, akatoa sare ya 1-1 na Uganda na sare ya 1-1 na Tunisia. Pointi mbili. Safari hii zikatosha: Stars walipita kama mmoja wa washindi wa tatu bora, wakaingia hatua ya 16 bora kwa mara ya kwanza katika historia, wakatolewa na wenyeji kwa bao 1-0 bila kudhalilika. Taifa likashangilia, na lilikuwa na haki. Hata hivyo mwenye kupima makocha kwa matokeo peke yake ana kazi ya kueleza ni vipi sare mbili na kipigo kimoja ziliitwa aibu mwaka 2024 na historia mwaka 2025. Kundi lilikuwa jingine, wapinzani walikuwa wengine, na hesabu za timu nyingine kwenye makundi mengine ziliangukia upande wetu. Gamondi ni kocha hodari, na Stars yake ilicheza kwa kujiamini. Hoja hapa ni kwamba pointi zilizowatenganisha makocha hao wawili katika hatua ya makundi ni sifuri.

Kambi inayotaka mabadiliko nayo ina mifano mizito. Yanga walimfukuza Gamondi Novemba 2024, baada ya vipigo viwili mfululizo kutoka kwa Azam na Tabora United. Akaja Sead Ramovic, naye akaondoka Februari 2025 kwenda Algeria. Akamalizia Miloud Hamdi, na mwezi Juni Yanga wakatwaa ubingwa kwa kuwafunga Simba 2-0. Makocha watatu, kombe moja. Mgunda naye, alipopewa Simba kwa dharura Septemba 2022, aliivusha salama hadi makundi ya Ligi ya Mabingwa kwa kuwatoa Nyasa Big Bullets ya Malawi na wale wale Primeiro de Agosto.

Mifano hiyo inafundisha kitu ambacho vijiwe hukiruka. Yanga wanaweza kubadili makocha watatu kwa sababu chini yao kuna kikosi ambacho karibu kila nafasi ina wachezaji wawili wa daraja la kwanza. Kocha mpya anafika, anakuta jikoni kumejaa. Namungo hawana anasa hiyo. Kagera Sugar walijaribu njia hiyo hiyo msimu huo huo wa 2024/25. Walibadili benchi zaidi ya mara moja na kumalizia na Juma Kaseja, kipa wa zamani wa Taifa Stars, kisha wakashuka daraja pamoja na KenGold. Na hata kwa vigogo dawa haifanyi kazi kila mara. Simba walimtimua Robertinho Novemba 2023 baada ya kufungwa 5-1 na Yanga, wakamleta Abdelhak Benchikha, naye akaondoka Aprili, Mgunda akaitwa tena kufunga hesabu. Walimaliza wa tatu, nyuma ya Yanga na Azam.

Hoja ya mgeni dhidi ya mzawa inahitaji umakini zaidi, kwa sababu imebeba hisia nyingi. Ukihesabu mabingwa wa Ligi Kuu kuanzia 2017/18 hadi 2024/25, misimu minane mfululizo, kila aliyenyanyua kombe akiwa kocha mkuu alikuwa mgeni: Pierre Lechantre, Patrick Aussems, Sven Vandenbroeck na Didier Gomes kwa upande wa Simba, Nasreddine Nabi mara mbili, Gamondi na Hamdi kwa upande wa Yanga. Mtu wa kambi ya wageni akiitaja orodha hii hujiona amemaliza mjadala. Kwa kweli amethibitisha jambo moja tu, kwamba Simba na Yanga huajiri wageni. Hakuna mzawa aliyekabidhiwa kikosi cha aina hiyo tangu mwanzo wa msimu hadi mwisho, kwa hiyo kipimo chenyewe hakijawahi kufanyika.

Kipimo kinachoihusu Namungo ni timu za saizi yake. Geita Gold walishika nafasi ya nne wakiwa na Fred Felix Minziro, mzawa. Coastal Union walifika hapo wakiwa na David Ouma, Mkenya. Singida Big Stars walikuwa na Hans van der Pluijm, Mholanzi aliyeishi na mpira wa Tanzania kwa miaka mingi. Namungo wenyewe walikuwa na Hitimana kutoka nchi jirani. Uraia wao haufanani, lakini wote walikuwa watu waliolijua soka la ukanda huu, wenye uwezo wa kumtazama mchezaji wa Ligi ya Championship na kujua kama atahimili. Na tazama kilichowapata baadaye: Ouma aliondolewa Coastal msimu uliofuata ukiwa bado mchanga, mara tu walipotolewa na Bravos do Maquis ya Angola. Hata kufaulu hakumpi kocha wa timu ndogo muda.

Kambi ya jina kubwa ndiyo yenye hoja dhaifu kuliko zote. Zahera aliingia na sifa za Yanga. Msimu wa 2024/25 ulipoanza vibaya aliondoka, na Oktoba 2024 akaja Mgunda. Kaze naye alikuwa na sifa za Yanga, na mwaka 2023 hakumaliza hata nusu ya msimu. Benchi la klabu kubwa humfundisha mtu kuchagua kati ya wachezaji wazuri wengi, kudhibiti nyota na kuishi na kelele za Dar es Salaam. Kuandaa kikosi chembamba kinachotoka Ruangwa kwenda Kigoma kucheza na Mashujaa, kurudi, kisha kwenda Mwanza kucheza na Pamba Jiji, ni kazi nyingine. Mgunda alikuwa tofauti katika kundi hilo kwa sababu kabla ya Simba alikuwa amekaa miaka Coastal Union, timu inayojua njaa. Msimu huo Namungo walibaki Ligi Kuu.

Safari zenyewe zinastahili kutazamwa kwa karibu, kwa kuwa huyeyuka kwenye lawama za kocha. Ruangwa iko pembezoni mwa ramani ya ligi. Mechi ya ugenini Kanda ya Ziwa inaanza kwa basi kutoka Ruangwa hadi Nanganga kwenye barabara kuu, kisha Lindi, kisha Dar es Salaam, halafu ndipo safari yenyewe ya magharibi ianze. Timu yenye fedha hupanda ndege na kulala hoteli siku mbili kabla. Isiyo nazo hushuka kwenye basi miguu ikiwa imevimba, inafanya mazoezi mepesi jioni, inacheza kesho yake. Shabiki anaona beki amechelewa hatua moja dakika ya 80 na kusema kocha hajui kufanya mabadiliko.

Fedha zinafuata hapo hapo. Mwaka 2021 TFF na Azam Media walisaini mkataba wa haki za matangazo wenye thamani ya Sh225.6 bilioni kwa miaka kumi, na benki ya NBC ikaingia kama mdhamini mkuu wa ligi. Mgawo huo umezisaidia timu ndogo zilipe mishahara kwa utaratibu, jambo ambalo miaka ya nyuma lilikuwa ndoto. Lakini mgawo hauzibi pengo kati ya klabu yenye mfanyabiashara mkubwa na klabu ya wilaya ya wakulima wa korosho, ufuta na mbaazi. Mapato ya mlangoni hutegemea zaidi siku mbili kwa mwaka, Simba na Yanga wanapokuja. Katika wilaya hii hata mkulima anayeuza kupitia chama cha ushirika cha RUNALI anajua kuwa mwaka wa bei nzuri na mwaka wa bei mbaya ni miaka miwili tofauti, na timu inayoegemea mifuko ya watu hao inapanda na kushuka nao.

Namungo pia ilikua chini ya mlezi mwenye nguvu. Kassim Majaliwa alikuwa Mbunge wa Ruangwa kuanzia 2010 na Waziri Mkuu kuanzia Novemba 2015, na uwanja wa nyumbani umebeba jina lake. Mwaka 2025 hakugombea tena ubunge na uwaziri mkuu wake ukafika mwisho. Klabu inayotoka kwenye kivuli cha mtu mkubwa inahitaji kujipanga upya kimapato na kiuongozi, na hilo linamgusa kocha ajaye kuliko mfumo wa 4-3-3 au 4-2-3-1.

Wanaodhani ubishi huu ni wa maskini watazame Marekani, kwenye mpira wa kikapu wa vyuo. Chuo Kikuu cha Kentucky kilikuwa na John Calipari, aliyewapa ubingwa wa taifa mwaka 2012. Machi 2024 kikafungwa 80-76 na Oakland, chuo ambacho wengi hawakuwa wakikijua, na mashabiki wakataka aondoke. Kumfukuza kungegharimu zaidi ya dola milioni 30 kwa mujibu wa mkataba. Mwenyewe akahamia Arkansas, na Kentucky wakamchukua Mark Pope. Machi 2025, Kentucky ya Pope na Arkansas ya Calipari zote mbili zikafika 16 bora za mashindano ya taifa, zote mbili zikatolewa hapo. Mabilioni ya shilingi, mwaka mzima wa kelele, na vyuo viwili vikaishia mlango mmoja.

Somo la Kentucky kwa Ruangwa liko kwenye mkataba. Kule, bei ya kumfukuza kocha inajulikana kabla hajaajiriwa, kwa hiyo kila anayepiga kelele anajua anachokidai kitagharimu kiasi gani. Hapa kwetu kocha huondoka kwa “makubaliano ya pande mbili”, na shabiki haambiwi kilicholipwa wala kinachodaiwa. Klabu za Tanzania zimewahi kufungiwa na FIFA kusajili kwa sababu ya madeni ya wachezaji na makocha. Hata Yanga ilikumbana na adhabu hiyo kwa deni la mshambuliaji Lazarous Kambole. Timu ndogo ikifungiwa dirisha moja tu, hakuna kocha duniani atakayeiokoa.

Kwa hiyo nani apewe? Ushahidi uliopo unaelekeza kwa mtu wa aina ya Mgunda au Minziro, au jirani wa Afrika Mashariki mwenye historia ya kuishi na timu ndogo: aliyefundisha nje ya Simba, Yanga na Azam kwa misimu kadhaa, anayewajua wachezaji wa Championship kwa majina, mwenye diploma A ya CAF ili siku timu ikirudi Afrika kusitokee kigugumizi. Apewe mkataba wa misimu miwili unaosema wazi malengo. Awe na sauti ya mwisho katika usajili, kwa sababu kocha anayepangiwa wachezaji na viongozi hana cha kujibu anapofungwa. Na apimwe baada ya mzunguko mzima, akiwa amecheza na kila timu, badala ya baada ya mechi tatu za mwanzo.

Kuna wakati kocha anastahili kuondoka hata kwa vipimo hivyo. Wachezaji wakiacha kumsikiliza, mazoezi yakiwa hayana mpango, vijana wakioza benchini huku wazee wakicheza kwa majina, kusubiri ni kupoteza daraja. Uongozi unaokaa karibu na timu utaziona dalili hizo mazoezini kabla hazijafika kwenye msimamo wa ligi. Shabiki aliyeko Narung'ombe hawezi kuziona kwenye runinga ya kibanda umiza, na ndiyo sababu anastahili kuelezwa badala ya kuachiwa uvumi.

Mashabiki wa Kusini wana nguvu ambayo bado hawajaitumia. Wilaya za Ruangwa, Nachingwea, Liwale na Masasi zinatoa vijana wenye vipaji kila mwaka kupitia mashindano ya shule ya UMITASHUMTA na UMISSETA na ligi za kata, na wengi wao huishia kwenye ndondo. Timu ya vijana ya Namungo ndiyo njia rahisi zaidi ya kunenepesha kikosi bila kushindana bei na matajiri. Basi, mkutano wa wanachama ukiitishwa, nendeni kwa wingi, na kabla ya kutaja jina la kocha ulizeni mambo manne: usajili uliopita ulifanywa na nani, kocha anayeondoka anadai kiasi gani, anayekuja atapewa muda gani, na ni vijana wangapi wa wilaya hizi walioitwa kwenye majaribio mwaka huu. Ombeni majibu yaandikwe kwenye kumbukumbu za mkutano, muwe nayo mkononi msimu ujao ubishi utakapoanza upya.